Jeraha Lisilotoka Damu

Katika darasa letu tumeletewa suala ambalo mwanzo lilionekana kama la mzaha, lakini kila tulipolipindua tuliliona lina uzito. Muulizaji alisema hivi: Mtu akimpiga mwenziwe kwa fimbo akamvunja mkono, hapana atakayesita kusema kuwa amemjeruhi. Je, akimpigia sauti tu, sauti tupu, hata masikio yake yakafa au akili yake ikavurugika, na hali hakumgusa wala hakumtoa tone la damu, huyu naye tumhesabu kuwa amejeruhi? Na ikiwa mwenye kupiga sauti hiyo ni askari, naye ametumia chombo alichopewa na wakubwa wake, ni nani atakayeulizwa?

Tumeona afadhali tujibu kwa maandishi, kwa sababu hili si suala la kubuniwa na wanafunzi ili kumchosha mwalimu wao. Sauti zamani hizi ni silaha. Hutengenezwa viwandani, huuzwa kwa bei kubwa, na hufungwa juu ya meli na juu ya magari ya polisi. Wako watu walioharibika masikio kwa ajili yake, na ziko mahakama kubwa zilizokaa kubishana kama yaliyowapata watu hao yastahili kuitwa madhara au hayastahili.

Mwenye kutaka kuhukumu jambo hana budi kulijua kwanza. Sauti ni mtikiso wa hewa. Ngoma ikipigwa, ngozi yake hutikisika, nayo hutikisa hewa iliyo karibu, na hewa hiyo hutikisa iliyo mbele yake, mpaka mtikiso ukafika sikioni. Huko hukuta kiwambo chembamba, na nyuma ya kiwambo vijifupa vitatu ambavyo ni vidogo kuliko mifupa yote ya mwili, na nyuma ya vijifupa hivyo kijifereji kilichojizonga kama kombe la konokono, kimejaa maji. Ndani ya maji hayo zimepangwa chembe zenye nywele ndogo mno, kadiri ya 15,000 katika kila sikio. Nywele hizo zikiinamishwa na mtikiso, khabari hupelekwa ubongoni, na mtu akasema: nimesikia. Sasa lizingatiwe hili. Ngozi ikichubuka hurudi, na mfupa ukivunjika huunga, lakini chembe hizi mwanadamu huzaliwa nazo, na zikifa hazioti tena.

Nguvu ya sauti hupimwa kwa kipimo kiitwacho desibeli, na hesabu yake haiendi kama ya mizani ya dukani. Kila zikizidi desibeli 10, nguvu huwa imezidi mara 10. Mazungumzo ya watu wawili barazani ni kama desibeli 60. Basi mtu akiambiwa sauti ya desibeli 120 asidhani kuwa ni mazungumzo mara mbili, kwani nguvu yake ni mara 1,000,000. Wataalamu wa afya ya wafanyakazi wamesema kuwa mtu aweza kukaa katika desibeli 85 kwa saa 8 za kazi, na kila zikizidi desibeli 3 muda huo ukatwe nusu: saa 4 katika 88, saa 2 katika 91, na robo saa tu katika 100. Zikifika kama 120 sikio huanza kuuma lenyewe, na maumivu hayo ni onyo lililokuja kwa kuchelewa.

Wala madhara hayaishii sikioni. Kishindo cha ghafla huufanya moyo kwenda mbio, mishipa ikakaza, damu ikapanda, na mwili ukajimiminia dawa zake za khofu zinazomtayarisha mtu kukimbia au kupigana. Mara moja hayo yana faida, na huenda yakamwokoa mtu. Lakini yakirudiwa usiku kucha, siku baada ya siku, mwili huchakaa kama kamba inayovutwa bila ya kulegezwa. Hata aliyelala na asiamke, moyo wake hubadilisha mwendo kwa kelele ipitayo nje. Na wako wanaobakiwa na mlio ndani ya masikio yao usiokatika; watu wengine wakifurahia kimya cha usiku, wao hukiogopa, kwa sababu ndipo mlio ule unapodhihiri.

Sababu ya yote haya ni kuwa sikio halina kope. Jicho twaweza kulifumba, mdomo twaweza kuufunga, mkono twaweza kuuvuta nyuma. Sikio liko wazi tangu mtu yumo tumboni mwa mamake mpaka siku ya kufa kwake, liko wazi hata katika usingizi, kwa kuwa hilo ndilo mlinzi wa nyumba wakati viungo vingine vimelala. Mama huamka kwa kilio kidogo cha mtoto wake. Mwenye kumshambulia mtu kwa sauti amemshambulia kupitia kwa mlinzi huyo, na mlango aliouingilia hauna komeo.

Kabla ya kwenda mbele yafaa tuondoe upuuzi uliochanganywa na jambo hili, maana ni mwingi. Wako wanaosimulia kuwa iko sauti nzito isiyosikika, ikipigwa watu huharisha hapo hapo, au matumbo yao hupasuka. Wamejaribu wataalamu kuitafuta sauti hiyo wasiione. Tena mwaka 2016 wajumbe wa Marekani waliokuwa Havana, katika kisiwa cha Cuba, waliumwa vichwa na kupata kizunguzungu, wakasema kuwa wamesikia sauti ya ajabu, na magazeti yakatangaza kuwa adui ana silaha mpya. Sauti moja iliyorekodiwa huko ilipochunguzwa na wataalamu wa wadudu, mwaka 2019, ilionekana yalingana na mlio wa nyenje. Na mwaka 2023 mashirika ya ujasusi ya Marekani yenyewe yalitoa kauli, na mengi yao yaliona kuwa ni mbali sana kuwa adui wa nje ndiye aliyefanya. Hatusemi kuwa wajumbe wale hawakuumwa. Twasema tu kuwa aumwaye na nyoka akiona unyasi hushtuka, na hoja ya kweli huharibiwa na uvumi kuliko inavyoharibiwa na wapinzani wake. Yaliyothibiti yatutosha.

Yaliyothibiti ni haya. Mwezi wa Oktoba mwaka 2000, katika bandari ya Aden, mashua ndogo iliyopakiwa baruti iliisogelea manowari ya Marekani iitwayo USS Cole, ikalipuka, wakafa mabaharia 17. Wamarekani walitaka chombo cha kumwonya anayekaribia kutoka mbali, kabla ya kumpiga risasi. Kampuni moja ya kwao ikatengeneza chombo kijulikanacho kwa herufi nne, LRAD. Umbo lake ni kama sahani kubwa, na kazi yake ni kuikusanya sauti iende upande mmoja kama kurunzi inavyoukusanya mwanga. Aliye mbele yake husikia maneno kutoka mbali sana. Lakini chombo hicho kina na mlio mwingine wa kutisha na kufukuza, na zile aina zake kubwa hupita desibeli 150 kwa aliye karibu nazo kwa mita moja.

Mara ya kwanza watu wengi kukisikia chombo hicho ilikuwa katika bahari yetu. Mwezi wa Novemba mwaka 2005 meli ya wasafiri iitwayo Seabourn Spirit ilikuwa yaja Mombasa, na ilipokuwa mbali kidogo na pwani ya Somalia ikaandamwa na maharamia wenye bunduki na makombora. Mabaharia walikielekeza chombo hicho kwa maharamia, wakatumia na mipira ya maji, na nahodha akaigeuza meli na kuitia mbio mpaka wakaokoka, wakaenda zao Shelisheli. Sisi katika tendo hili hatuoni lawama. Mwenye kushambuliwa ana haki ya kujitetea kwa kilicho chepesi kabla ya kilicho kizito, na ikiwa sauti yatosha kumrudisha haramia, ni kheri kuliko kumwua.

Hoja ya wanaoitetea silaha hii ni hiyo hiyo, na ni hoja yenye nguvu. Wasema: Mwatulaumu kwa nini? Mwataka turudi kwenye risasi? Lau kama kila mara mahali pa risasi pangewekwa sauti, tungelikubali na kunyamaza. Lakini hebu tutazame ilivyokwenda. Chombo kilichobuniwa kwa ajili ya mashua yenye baruti kilichukuliwa kikapandishwa bara, kikaelekezwa kwa watu wenye mabango. Mwezi wa Septemba mwaka 2009, katika mji wa Pittsburgh, wakuu wa dola kubwa walikuwa na mkutano wao, na polisi wakakitumia kuwatawanya waandamanaji. Mwalimu mmoja wa chuo kikuu, ambaye hakuwa mwandamanaji, alikuwa kando akitazama. Akapata madhara ya kudumu ya masikio. Alishtaki, na mwaka 2012 mji ule ulikubali kumlipa dola 72,000. Watu wale hawangelipigwa risasi lau chombo hicho hakikuwako. Basi sauti hapa haikuchukua mahali pa risasi. Ilichukua mahali pa subira.

Hapa ndipo penye khatari ya silaha isiyoonekana athari yake. Askari mwenye bunduki ajua kuwa akifyatua patakuwa na maiti, na maiti ina mwenyewe, na mwenyewe atauliza. Mwenye sauti hana maiti. Watu hukimbia wameziba masikio, njia ikawa nyeupe, na jioni yake hapana cha kuandikwa katika daftari. Mkono huwa mwepesi. Na aliyefiwa na masikio yake huenda nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, uso wake mzima, na akisema ameumia huambiwa: wapi?

Swali hili la “wapi?” mafukahaa wetu walilikuta zamani, nao hawakulikimbia. Katika Minhaji ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kitabu ambacho kwa madhehebu yetu ya pwani hii hapana mwanafunzi asiyekipitia, mna mlango wa diya za viungo. Humo kusikia kumehesabiwa peke yake, mbali na sikio la nyama. Mwenye kumwondolea mtu kusikia kwake kote yampasa diya kamili, sawasawa na diya ya roho, hata kama masikio yenyewe yangali pale pale kichwani hayana hata mkwaruzo. Akimwondolea kusikia kwa sikio moja, ni nusu yake. Je, na aliyeshtakiwa akisema kuwa mwenziwe ajifanya kiziwi tu? Wamesema atazamwe anapokuwa amelala au ameghafilika, apigiwe ukelele; akishtuka, ni mwongo; asiposhtuka, ataapa na kuchukua haki yake. Twastaajabu kwa akili ya watu wale. Hawakuwa na mashine za kupima, wala hawakujua khabari ya zile chembe 15,000, lakini hawakusema kuwa kisichoonekana hakiko. Walikitafutia njia ya kukithibitisha.

Na zaidi ya hayo, walizungumza juu ya sauti yenyewe kuwa ni sababu ya kuua. Wakasema: mtu akimpigia ukelele mtoto asiyepambanua aliye ukingoni mwa sakafu ya juu ya nyumba, naye akaanguka kwa ajili ya ukelele ule akafa, yapasa diya nzito. Ama akimpigia mtu mzima mahali pale pale akaanguka, kauli iliyo na nguvu ni kuwa hapana diya, kwa kuwa mtu mzima hutarajiwa kujizuia. Kisha wakaongeza neno dogo ambalo sisi tulilisoma tukiwa vijana tukalipita mbio: kwamba kumfutia mtu silaha, hukumu yake ni kama ya kumpigia ukelele. Wameviweka silaha na ukelele katika mizani moja. Na wakaendelea: ikiwa mtu hakumkusudia mtoto, bali alimpigia ukelele mnyama wa kuwinda, mtoto akagutuka akaanguka, diya yapasa vilevile, isipokuwa imekhafifishwa. Muulizaji wetu na amlete hapa yule mwalimu wa Pittsburgh. Sauti ilikusudiwa waandamanaji, ikampata aliyesimama kando. Sauti haina shabaha kama mshale. Hata ikikusanywa namna gani hupiga ukuta ikarudi, ikampata mpita njia na mwenye duka, na mtoto aliye mgongoni mwa mamake.

Atasema msemaji: lakini wale ni watu wazima, nanyi mmesema mtu mzima hana diya. Twajibu kuwa mafukahaa walisema hivyo juu ya ukelele wa koo la mwanadamu, ambao mtu mzima aweza kujizuia asianguke kwa ajili yake. Hapana mtu mzima awezaye kuzizuia chembe za sikio lake zisife kwa desibeli 150. Mbele ya sauti ya namna hiyo sote ni watoto ukingoni mwa sakafu. Sababu ya hukumu ikiondoka, hukumu nayo huondoka.

Ama suala la askari aliyetumwa, nalo lina mfano wake. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar, naye ni khalifa, alipeleka mtu kumwita mwanamke mmoja aliyefikishiwa khabari mbaya juu yake. Mwanamke yule alikuwa na mimba. Alipoitwa aliingiwa na khofu kubwa, na njiani akashikwa na uchungu akazaa, mtoto akafa. Umar akawataka shauri masahaba. Baadhi yao wakamwambia: huna juu yako kitu, wewe ni mtawala, na ulikuwa katika kazi yako ya kuadabisha. Ali alikuwa amenyamaza. Alipoulizwa akasema kuwa diya ya mtoto yule iko juu ya Umar, kwa kuwa yeye ndiye aliyemtisha. Na Umar akalikubali neno hilo. Hakuna aliyemgusa mwanamke yule. Kilichomfikia ni khabari ya kuitwa, yaani sauti na khofu iliyo ndani yake, na mwenye kuita alikuwa kazini, tena kwa nia ya kheri. Yote hayo hayakumtoa katika kuulizwa.

Sasa tuyatazame waliyoyafanya wakubwa wa dunia hii walipoletewa jambo kama hili. Mwezi wa Agosti mwaka 1971, huko Ireland ya Kaskazini, Waingereza waliwakamata watu wengi bila ya kuwashtaki, na katika hao wakawateua watu, ambao jumla yao ilikuwa 14, wakawatia katika mambo matano. Waliwafunika vichwa kwa mifuko, wakawasimamisha ukutani saa nyingi kwa ncha za vidole, wakawanyima usingizi, wakawapunguzia chakula na maji, na wakawaweka katika chumba chenye mvumo mkali usiokatika, kama mvuke unaotoka katika bomba. Hawakung'olewa kucha wala hawakuchomwa moto.

Serikali ya Uingereza iliunda kamati ya watu watatu chini ya Lord Parker, na ripoti yao ikatoka mwezi wa Machi mwaka 1972. Ndani yake mna orodha ambayo kila Mkenya yafaa aijue. Imesemwa humo kuwa njia hizi, zote au baadhi yake, zilikwisha kutumika katika Palestina, Malaya, Kenya na Kupro, kisha Kameruni, Brunei, Guiana, Aden, Borneo na Ghuba ya Uajemi, kabla hazijafika Ireland. Yaani kilichokuja kuwashtua watu wa Ulaya mwaka 1971 kilikuwa kimekwisha kufanyiwa mazoezi juu ya miili yetu sisi na wenzetu. Wawili katika watu watatu wa kamati waliona kuwa njia hizo zaweza kuruhusiwa kwa masharti. Wa tatu, Lord Gardiner, alikataa katakata, na waziri mkuu, Edward Heath, akatangaza kuwa hazitatumika tena.

Serikali ya Ireland ilikwisha kupeleka kesi Ulaya. Mwaka 1976 Tume ya Haki za Binadamu ya huko ilisema kuwa mambo yale matano kwa pamoja ni mateso. Lakini Mahakama yenyewe, tarehe 18 Januari 1978, ikasema kuwa ni matendo yasiyo ya kibinadamu na yenye kudhalilisha, ila hayakufikia ukali wa kuitwa mateso. Twauliza: ni nini kilichopungua? Hatuoni jawabu ila kuwa kilichopungua ni damu. Lau mmoja wao angelikatwa kidole, majaji wasingelisita.

Na msomaji asidhani kuwa tofauti ya majina haya mawili ni ubishi wa wanasheria tu. Mwezi wa Agosti mwaka 2002, wanasheria wa serikali ya Marekani walipotaka kuonyesha kuwa kuna mambo makali mtu aweza kufanyiwa na yasiwe mateso, hukumu hiyo ya mwaka 1978 walikuwa nayo mkononi, wakaitaja. Na ripoti ya Baraza la Senate la Marekani, iliyotolewa Desemba 2014, yaeleza jela ya siri ambayo wafungwa walikaa gizani kabisa, katika pingu, na muziki au kelele kubwa usiku na mchana, na ndoo moja ya haja. Neno moja lililopunguzwa na majaji katika mwaka mmoja lilifika mbali hivyo. Mwaka 2018 Mahakama ya Ulaya iliombwa kuirudia hukumu yake, ikakataa. Mahakama Kuu ya juu ya Uingereza, mwezi wa Desemba mwaka 2021, ilisema kuwa matendo yale kwa vipimo vya leo yangeitwa mateso. Ni miaka 50 tangu yalipotendwa.

Yako na mengine ambayo hatutayarefusha. Mwezi wa Desemba mwaka 1989 majeshi ya Marekani yaliizunguka nyumba ya mjumbe wa Papa mjini Panama kwa muziki wa kishindo, ili kumtoa Noriega aliyekimbilia humo. Mwaka 1993, huko Waco, serikali hiyo hiyo ilizingira nyumba ya watu wa dini moja kwa siku 51, ikawapigia usiku milio ya sungura wanaochinjwa, na ndani mlikuwa na watoto. Na mwaka 2005, baada ya kuondoka Gaza, ndege za kivita za Israeli zilikuwa zikipita juu yake usiku kwa mwendo uupitao mwendo wa sauti, kikatoka kishindo kama cha bomu, hata madaktari wa huko na wa Israeli yenyewe wakaenda pamoja mahakamani kulalamika juu ya hali ya watoto. Waliofanya walisema kuwa ni jawabu ya maroketi. Lakini mtoto anayekojoa kitandani kwa kishindo cha saa nane za usiku hakurusha roketi, na rubani ajua kuwa chini yake wamo watoto.

Kuna jambo moja ambalo mpaka sasa hatukumsikia mtu akilitolea sababu ya kukinaisha. Mwaka 1995 mataifa yalikubaliana juu ya mkataba unaokataza silaha za miali ya laser zilizokusudiwa kupofua macho daima. Mkataba huo ulianza kufanya kazi mwaka 1998, na ni katika mambo machache mazuri ya zamani hizi, kwa kuwa silaha imekatazwa kabla haijazoewa. Walisema kuwa kumpofua mtu maisha yake yote hata vitani ni kupita mpaka. Ni kweli. Basi na kumtia uziwi? Hapana mkataba wa namna hiyo kwa sikio. Kipofu humwonea huruma kila amwonaye, na kiziwi hupita sokoni watu wasimjue, na wakimjua humkasirikia kwa kuwa hajibu salamu. Twakhofia kuwa tofauti hii ndogo ndiyo iliyofanya jicho lipate mkataba na sikio likose.

Hata hivyo mambo hayakusimama. Mwezi wa Desemba mwaka 2014 polisi wa New York walitumia mlio wa chombo kile kwa waandamanaji na waandishi wa khabari waliokuwa karibu, na baadhi yao wakashtaki. Wakili wa polisi alitoa hoja kuwa chombo kile ni cha kupeleka maneno tu, na sauti si nguvu, kwa kuwa haimgusi mtu. Mwaka 2018 mahakama ya rufani ikaikataa hoja hiyo. Ikasema kuwa sauti iwezayo kuumiza mwili ni nguvu kama nguvu nyingine, na askari mwenye kuitumia kupita kiasi hawezi kujificha nyuma ya kazi yake. Mwaka 2021 wakapatana, na polisi wa mji ule wakakubali kuacha kuutumia mlio wa kufukuzia. Majaji wale huenda hawakupata kuifungua Minhaji, lakini wamefika karibu na pale walipokuwa wamesimama wenye Minhaji.

Msomaji aliye Mombasa au Malindi huenda akasema: haya ni mambo ya polisi wa mbali. Ni kweli kwa chombo, si kweli kwa tabia. Matatu zapita chini ya hospitali na muziki unaotikisa vioo vya madirisha, na ndani yake mna mtoto wa shule anayekwenda na kurudi kila siku katika sauti ambayo mfanyakazi wa kiwandani angelizuiwa asiikae ila kwa dakika chache. Harusi zapigwa vipaza sauti mpaka alfajiri ubavuni mwa nyumba yenye mgonjwa. Kenya ina kanuni za mwaka 2009 zinazokataza kelele za kupita kiasi, na kila mtu azijua kwa kuzisikia zikivunjwa. Wala tusiwasahau wenzetu wa nyumba za ibada, wa dini zote, waonao kuwa kipaza sauti kikiwa kinatoa maneno mema basi hakina kipimo. Adhana ni wito, na wito una kiasi chake cha kuwafikia watu. Hotuba ya saa mbili iliyoelekezwa madirishani mwa jirani si wito. Hatuwafananishi hawa na wapigaji wa Gaza, maana nia zao zi mbali. Lakini sikio la mgonjwa halipokei nia. Hupokea desibeli.

Basi jawabu letu kwa muulizaji ni hili. Aliyemharibu mwenziwe kwa sauti amemjeruhi, na jeraha lake lina thamani ya jeraha la kisu, na pengine zaidi kwa kuwa halina dawa. Aliyetumwa ataulizwa kwa mkono wake, na aliyemtuma ataulizwa kwa neno lake, na hazina ya serikali ndiyo ya kwanza kulipa, kwa kuwa kazi ilikuwa yake. Kujitetea kwa sauti mbele ya mwenye kukushambulia kwaruhusiwa kwa kadiri ya haja, na kadiri hiyo hupimwa kwa aliyesimama kando pia, si kwa adui peke yake. Ama kumfungia mtu sauti ndani ya chumba ili avunjike akili, hilo ni mateso, liwe na damu au lisiwe nayo.

Muulizaji alikuwa na suala la pili, juu ya fundi atengenezaye chombo kama hiki na mfanyabiashara akiuzaye hali ya kuwa hajui kitaelekezwa kwa nani. Hilo lataka maneno yake peke yake, nalo tutalileta katika toleo lijalo inshaallah.